Ukungu Kwanza, Safari Baadaye: Kutoka Delhi kwa Gari na Kurudi Siku Hiyohiyo Wakati wa Baridi

Asubuhi moja ya Januari nilifungua dirisha la chumba changu Malviya Nagar nisione kitu. Tangi la maji la jirani, jeusi, hatua kumi tu kutoka dirishani, lilikuwa limemezwa. Chini dereva alikuwa amekwisha kufika na anapiga honi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilimwambia saa kumi na moja alfajiri tuwe njiani kwenda Agra. Kila mtu alinishauri hivyo: wahi, barabara tupu, utaona jua likichomoza juu ya Taj Mahal. Tulifika saa sita mchana, mabega yamekakamaa kwa kukodoa macho njia nzima, na kuba lilianza kujitokeza karibu saa saba. Saa tisa ilibidi tugeuze.

Tangu siku hiyo sipangi safari ya baridi kwa umaarufu wa mahali. Naipanga kwa ukungu. Mwongozo huu nawaandikia wenzangu mlioko Delhi kwa masomo au kazi, na hasa ninyi mliomsindikiza mgonjwa: daktari kasema mrudi baada ya siku nne, na kuta za gesti zimeanza kuwabana.

Hatua ya kwanza: soma kalenda kabla ya ramani

Baridi ya Delhi ina sura tatu. Mwishoni mwa Oktoba na Novemba tatizo ni moshi: mabua ya mpunga yanachomwa mashambani Punjab na Haryana, fataki za Diwali zinaongezea, magari yapo palepale, na upepo umelala. Nusu ya kwanza ya Desemba mara nyingi hutulia. Mchana unatembea na sweta moja tu. Kuanzia karibu na Krismasi hadi katikati ya Januari, wakati mwingine zaidi, ndiyo ukungu wenyewe. Usiku mbingu haina wingu, ardhi inapoa haraka, hewa haisogei, na unyevu wa uwanda wa Ganges unageuka ukungu huku hewa yenye joto kidogo ikiufunika kwa juu kama mfuniko wa sufuria. Alfajiri nyuzi huweza kushuka hadi 5 na chini yake. Kisha inakuja Februari, ambayo kwangu ni mwezi bora kuliko yote: jua limerudi, joto bado, na mashamba ya haradali ni manjano tupu pande zote za barabara.

Kwa hiyo safari ndefu, yaani Agra na Bharatpur, zipe nusu ya kwanza ya Desemba au Februari. Wiki za katikati nenda karibu, ndani ya kilomita mia moja. Kama viza yako inaisha Januari na Taj ni lazima, nenda, lakini ujue unacheza bahati nasibu.

Epuka tarehe 26 Januari, Siku ya Jamhuri. Barabara za katikati ya mji hufungwa kwa gwaride, na siku chache kabla yake hufungwa kwa mazoezi.

Jioni ya kuamkia safari, tazama mambo mawili kwenye simu: utabiri wa ukungu wa idara ya hali ya hewa ya India, na kipimo cha uchafu wa hewa kwenye programu ya serikali iitwayo Sameer. Kipimo hicho huishia 500; kikipita 400 wenyewe wanakiita hali mbaya kabisa. Siku hiyo mwenye pumu abaki ndani. Usidhani ukitoka nje ya mji utaukimbia moshi, maana uwanda wote unavuta hewa moja. Na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa asipandishwe gari la saa tatu kwa sababu ninyi mmechoka kukaa. Muulizeni daktari wake kwanza.

Hatua ya pili: kubali kwamba mchana ni mfupi

Sisi wa ikweta tumezoea jua la saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Delhi mwishoni mwa Desemba linachomoza saa moja na dakika kumi hivi na kuzama karibu saa kumi na moja na nusu. Ukitoa saa za ukungu wa asubuhi, mchana unaokufaa kwa barabara ni kama saa saba tu.

Kanuni yangu: toka saa tatu asubuhi, saa tatu na nusu ukungu ukikaza, na uwe umegeuza gari saa tisa alasiri. Wenyeji wataniona mvivu. Lakini anayetoka alfajiri katika ukungu anatambaa, na yule wa saa tatu anamkuta njiani.

Hapa kuna mtego wetu Waswahili. Usimwambie dereva "saa tatu" ukiwa kichwani mwako unatafsiri, ukajikuta umemwita saa tisa usiku. Mwambie kwa Kihindi, *nau baje*, na umwandikie tarakimu 9 kwenye ujumbe.

Hatua ya tatu: kodi gari pamoja na dereva

India wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na hilo huwapa watu ujasiri wa bure. Magari ya kujiendesha yapo, lakini katika ukungu, kati ya matrekta yasiyo na taa na pikipiki zinazokuja kinyume, mimi namlipa mwenye kuijua barabara. Wao humwita dereva *bhaiya*, yaani kaka, nawe mwite hivyo. Maneno mawili yatakusaidia: *dhire*, taratibu, na *kohra*, ukungu. Neno *bas* unalo tayari. Ni basi letu lilelile, basi inatosha.

Gari la biashara lina namba za njano. Gari la namba nyeupe ni la mtu binafsi, na hata likiwa rahisi, polisi wakilisimamisha ninyi ndio mtakaoachwa kando ya barabara. Delhi imebanwa kati ya Haryana na Uttar Pradesh, kwa hiyo karibu kila safari inavuka mpaka wa jimbo, na gari la biashara hulipa kodi ya jimbo linaloingia. Uliza kabla: kodi hiyo imo kwenye bei? Mara moja niliambiwa imo. Tulipofika mpakani dereva akaegesha, akazima injini, akaanza kumpigia bosi wake, bosi hapokei. Tulikaa dakika hamsini tukinunua karanga za moto kwa mzee mwenye mkokoteni hadi nikalipa mwenyewe. Karanga zilikuwa nzuri, lakini saa moja ya mwanga ilikuwa imekwenda.

Kwa safari za nje ya mji unalipa kwa kilomita, na hesabu ya kawaida huanzia kilomita 250 kwa siku hata ukienda 120. Kwa mahali pa karibu kama Sultanpur, wengine hukubali hesabu ya mjini ya saa 8 na kilomita 80, nawe unalipia zinazozidi. Tozo za barabara hukatwa zenyewe kupitia kibandiko cha FASTag kwenye kioo cha mbele. Hakikisha kina salio, maana bila hicho tozo ni kubwa zaidi.

Jambo la mwisho kuhusu gari, na ni la kwenu wenye wagonjwa. Teksi nyingi za Delhi hutumia gesi asilia. Ni vizuri, kwa sababu moshi ukizidi serikali hupiga marufuku magari ya dizeli na petroli ya viwango vya zamani, na la gesi linapita. Lakini mtungi wa gesi umekaa kwenye buti. Nimeona familia imeshusha kiti cha magurudumu chini, dereva amefungua buti, na wote wanatazama mtungi mweupe uliojaza nafasi yote. Mkiwa na kiti cha magurudumu, semeni mapema mletewe gari kubwa. Tena wakati wa kujaza gesi abiria wote hushuka, hiyo ndiyo kanuni ya usalama, na foleni huwa ndefu. Mwombe dereva ajaze usiku, asije akawashusha mgonjwa wenu kwenye baridi.

Hatua ya nne: vya kubeba

Nguo za tabaka, si koti moja zito. Asubuhi utatetemeka, saa saba utavua. Kama umekuja na nguo za Dar au Mombasa, nenda Monastery Market, Kashmere Gate, ukapate sweta, soksi za sufu na kofia ya kuziba masikio bila kuumia mfukoni. Beba pasipoti halisi, barakoa nzuri, noti ndogondogo za vyoo na maegesho, chupa ya chai, na shali kubwa. Shali hufanya kazi ya blanketi, mto na pazia la dirisha. Vyoo vya kuaminika vipo kwenye hoteli kubwa za barabarani, zile wanazoziita *dhaba*. Mkipita moja nzuri, shukeni hata kama hamjabanwa.

Hatua ya tano: chagua upande

*Kusini-magharibi, Sultanpur.* Kama kilomita 50 tu, wilaya ya Gurugram. Ni hifadhi ndogo kuzunguka ziwa la kina kifupi, unaimaliza kwa miguu kwa saa mbili, na ndiyo safari ninayoipendekeza kwa anayeanza. Jumanne imefungwa. Ndege wanaokuja hapa baridi hutoka Siberia na Asia ya Kati; baadhi ya aina hizohizo za bata hushuka pia hadi kwenye maziwa yetu ya Afrika Mashariki miezi hiyohiyo. Tafuta bata bukini wa kijivu mwenye mistari miwili myeusi kisogoni: huyo ameivuka Himalaya. Ukibahatika utawaona korongo aina ya sarusi, kijivu, kichwa chekundu, wanatembea wawiliwawili kama mke na mume wanaotoka sokoni. Wamesimama wanakaribia kimo cha mtu. Ukungu mwepesi hapa si adui. Ndege wanasikika kabla ya kuonekana, na jua linapopasua saa nne ziwa lote linafunguka kwa mara moja.

*Kaskazini, Murthal.* Hii si safari ya kutazama, ni safari ya kula. Kilomita 50 hivi kwenye barabara kuu ya kale, ile iliyojengwa upya na mfalme Sher Shah Suri karne ya 16, dhaba zimepangana kwa mstari. Agiza paratha ya tanuri: chapati nene iliyojazwa viazi, koliflawa au jibini, inakuja na donge la siagi nyeupe linaloyeyuka mbele yako, mtindi na achari. Nyama hakuna, usiulize. Chai ya tangawizi waombe waipike sana. Ukiwa na muda, songa hadi Panipat, mahali Babur alipomshinda Ibrahim Lodi, sultani wa Delhi, mwaka 1526 na kuanzisha utawala wa Mughal. Leo wasafiri wengi husimama kununua mitungi ya achari, nami pia.

*Kaskazini-mashariki, Sardhana.* Ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua hii, na karibu hakuna mgeni anayeijua. Unapanda barabara ya kasi ya Meerut, kisha unaingia mashambani, jumla kama kilomita 90. Katikati ya mji mdogo linasimama kanisa kubwa la Kikatoliki lenye minara miwili, limejengwa na mwanamke. Begum Samru alianza maisha kama mcheza ngoma Mwislamu, akaishi na mamluki kutoka Ulaya aitwaye Walter Reinhardt, na mwanamume huyo alipofariki mwaka 1778 akashika yeye jeshi na ardhi. Mwaka 1781 akabatizwa. Aliitawala Sardhana hadi alipofariki mwaka 1836. Kanisa lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1820. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII akalipa hadhi ya basilika. Ndani, altare ni ya marumaru nyeupe iliyopachikwa vijiwe vya rangi, ufundi uleule utakaouona Taj, ila hapa hakuna foleni na unaweza kupiga goti.

Lakini Sardhana inaanza kabla ya kanisa. Hii ni nchi ya miwa, na baridi ndiyo msimu wa kukamua. Kando ya barabara utaona moshi mweupe ukitoka kwenye kibanda cha nyasi: hapo wanapika sukari guru. Neno lenyewe ni lao, *gur*. Mwambie dereva asimame. Juisi inatoka kwenye mashine ya kukamulia na kuingia karai la kwanza, kubwa kama kitanda, halafu la pili, la tatu, kila moja moto zaidi. Moto wenyewe unalishwa makapi makavu ya miwa ileile. Mwanamume mmoja kazi yake ni kuengua povu jeusi kwa ungo wenye mpini mrefu. Mwingine anakoroga hadi uji unakuwa wa rangi ya asali nzito, kisha wanaumwaga kwenye sinia pana, wanaukwangua na kuufinyanga mabonge kwa mikono. Ukisimama kwa heshima utapewa kipande kingali moto. Kinanata kwenye meno, kinanukia moshi. Nunua kilo mbili. Nyumbani watakushukuru kuliko kwa picha.

Hatari ya upande huu ni miwa hiyohiyo. Jioni matrekta huvuta matela yaliyofurika miwa hadi upande wa pili wa barabara, mengi hayana taa nyuma. Sardhana ondoka saa nane na nusu, usibishane.

*Kusini, Agra na Bharatpur.* Taj Mahal hufungwa kila Ijumaa. Kutoka Delhi kusini ni kama saa tatu na nusu hadi nne. Sehemu kubwa ni Yamuna Expressway, barabara ya kasi ya kilomita 165 zilizonyooka, iliyofunguliwa mwaka 2012. Wakati wa ukungu, kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Februari, mwendo wa magari madogo hushushwa kutoka kilomita 100 hadi 75 kwa saa. Kamera zipo. Tiketi ya mgeni ni rupia 1,100, na 200 zaidi kuingia kaburini kwenyewe. Inunue mtandaoni usiku uliotangulia. Magari ya petroli hayafiki langoni, unabadilisha kwa gari la umeme. Usibebe chakula wala mguu wa kamera, utarudishwa ukaviache.

Ushauri wangu kwa safari ya siku moja: Taj, chakula, kisha kaburi la Itimad-ud-Daulah ng'ambo ya mto, basi. Kaburi hilo malkia Nur Jahan alimjengea baba yake na lilikamilika mwaka 1628, kabla msingi wa Taj haujachimbwa. Ni dogo, tulivu, na vijiwe vyake unavitazama kwa karibu. Ngome ya Agra ni nzuri, lakini ukiiongeza utarudi Delhi usiku wa ukungu. Njiani kuna Vrindavan. Mkiingia, vueni miwani: nyani wa pale huinyakua usoni na hawaiachii hadi watupiwe pakiti ya juisi.

Bharatpur, ndani ya Rajasthan, ni ya Februari na ya anayependa ndege kwelikweli. Hifadhi ya Keoladeo ni kilomita za mraba 29 hivi, imetengenezwa na maharaja kwa ajili ya kuwinda bata. Kuna mawe yameandikwa hesabu za mauaji. Siku moja ya mwaka 1938, wakati wa Lord Linlithgow, Mwingereza aliyeitawala India kwa niaba ya mfalme wake, ndege 4,273 walianguka. Leo anayekuzungusha ni mwendesha riksho ya baiskeli, na hao wazee wanajua ndege kuliko vitabu. Kodi riksho, usipande na haraka.

Neemrana, ngome iliyogeuzwa hoteli kwenye barabara ya Jaipur, watu wataitaja sana. Mimi kwa siku moja siipendi. Malori ya barabara ile yanakula mchana wote.

Hatua ya sita: ukungu ukiwakuta njiani

Dereva apunguze mwendo hadi aweze kusimama ndani ya umbali anaouona. Taa ziwe za chini pamoja na za ukungu. Taa kubwa hurudi machoni kama ukuta mweupe. Madereva wengi huwasha zile taa nne za dharura huku wanaendesha, na wa nyuma hashindwi tu kujua unakata kona wapi, hata kama umesimama hajui. Mkatazeni kwa upole. Fungueni dirisha kidogo: kioo hakitaganda mvuke, na masikio yatasaidia macho. Msisimame kamwe kwenye njia wala pembezoni mwa barabara ya kasi. Magari hugongana kumi kumi hivyo. Ingieni kituo cha mafuta au dhaba, agizeni chai, mkae. Saa moja ya kusubiri si hasara.

Mtazameni pia dereva mwenyewe. Wengi wametoka kuendesha usiku. Akianza kujikuna shingo na kuongeza sauti ya redio, ni wakati wa chai, na chakula chake mlipieni ninyi.

Mkirudi, kabla ya kushuka, piga picha ya kilomita kwenye dashibodi kama ulivyoipiga asubuhi wakati wa kuondoka. Zidisha kilomita kwa bei mliyokubaliana, jumlisha tozo mlizopita, ongeza posho ya dereva, kisha lipa. Halafu fungua buti, kando ya ule mtungi, uone kama sukari guru haijasahaulika.